UZI: Kwenda nje kusoma Kiingereza ukitokea Tanga. Hesabu saa za darasa kwanza, viza baadaye

MwanaChumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, swali ni lile lile: nataka kwenda nje nikasome Kiingereza, nianzie wapi? Wengi huanzia kwa wakala, wengine kwenye bei ya tiketi. Tuuanzie uzi huu kwenye saa za darasa, kwa sababu urefu wa kozi ndio unaoamua aina ya viza, na viza ndiyo inayoamua vipimo, fedha na karatasi zote zinazofuata.

Vyuo vya lugha hutumia ngazi sita, kutoka ya chini kwenda ya juu: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Makadirio ya Cambridge, watunzi wa mitihani ya Kiingereza, ya saa za kufundishwa, tangu sifuri, ni 180 hadi 200 kufika A2, 350 hadi 400 kufika B1, 500 hadi 600 kufika B2, na 700 hadi 800 kufika C1. Kwa kifupi, ngazi moja inakula saa mia na hamsini hadi mia mbili, ukiacha kazi za nyumbani.

Sasa chukua tangazo la chuo: "masomo 20 kwa wiki". Usilisome kama saa 20. Vyuo vingi somo moja ni dakika 45 au 50, na masomo 20 ya dakika 45 ni saa 15 tu. Wiki 12 za namna hiyo ni saa 180. Umelipa ada, malazi, tiketi na bima, umepanda ngazi moja. Hakuna dhuluma hapo, ndivyo lugha inavyokwenda. Ila anayeondoka Tanga na A1 akitegemea kurudi baada ya miezi mitatu tayari kwa chuo kikuu, hesabu haimkubalii.

Ukitokea A1 kwenda B2 unahitaji kama saa 400 na zaidi. Kwa saa 15 kwa wiki ni wiki 27 hivi, yaani umevuka miezi sita. Ukitokea B1 kwenda B2 ni wiki 10 hadi 14. Tofauti hiyo ya wiki ina uzito kuliko inavyoonekana, na wenye uzoefu wa viza watatueleza. Msimamo wangu ni huu: A1 hadi B1 maliza hapa nyumbani kwa shilingi, nje ukanunue ngazi ya juu tu.

Bi_Raskazone

Naunga mkono, na hiyo B1 ya nyumbani inawezekana. Maktaba ya Mkoa ipo, walimu wazuri wa shule za Usagara, Galanos na Popatlal wanafundisha jioni, na simu unayo mkononi. Kinachokosekana Tanga ni watu wa kuzungumza nao, basi tafuteni wenzenu watatu mkutane mara nne kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, mkizungumza Kiingereza bila kuchanganya. Ndani ya wiki 30 hiyo ni saa 180 za kuzungumza, na hamjalipa hata senti.

kijana_wa_Makorora

Shikamoo mleta uzi. Mimi swali langu ni moja. Kwa anayekwenda kusoma lugha peke yake, IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ni lazima?

MwanaChumbageni

Marahaba. Swali zuri, mwalimu atalijibu vizuri kuliko mimi.

Mwalimu_Ngamiani

Kwa kozi ya lugha tupu, kwa kawaida chuo hakidai IELTS. Anakwenda kujifunza, wamdai cheti cha kujua? Chuo kitakupa jaribio lake mtandaoni kabla ya kuanza: maswali ya sarufi, insha fupi, pengine mazungumzo kwa video. Hilo hukupanga darasa. Usisaidiwe na mtu kulifanya. Ukiingizwa B2 na uwezo wako ni A2, wiki ya kwanza utakaa kimya darasani, ya pili utahamishwa, na siku ulizolipia zimekwenda.

IELTS inamhusu anayetaka kuunganisha na shahada, au ambaye chuo chake kimeitaja kwenye barua ya udahili. Kama inakuhusu, ujue umbo lake kabla ya kulipa:

Kusikiliza ni kama dakika 30, maswali 40, na sauti inachezwa mara moja tu. Kusoma ni dakika 60, maswali 40. Kuandika ni dakika 60, kazi mbili: ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250. Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14 na mtahini, uso kwa uso au kwa video. Cheti hukubalika miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema mno kikaisha kabla ya udahili.

Jumla ni wastani wa alama nne, unaokadiriwa hadi nusu ya karibu. Hapa ndipo watu wanapokosea malengo. Ukipata 6.5, 6.5, 5.5 na 6.5, wastani ni 6.25, unapandishwa kuwa 6.5. Ukipata 6.0, 6.5, 5.5 na 6.5, wastani ni 6.125, unashushwa kuwa 6.0. Nusu alama ya sehemu moja imebadilisha jumla. Lakini vyuo vingi hutaka pia kila sehemu isipungue kiwango fulani, na ile 5.5 ya kuandika ndiyo inayowaangusha vijana wetu hata jumla ikiwa nzuri.

Kwenye kuandika, kazi ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza. Ipe dakika 40, ile ya kwanza dakika 20. Watu hukwama kwenye mchoro wa kazi ya kwanza nusu saa nzima, kisha insha inakatika katikati, haina hitimisho. Anza na ya pili kama mkono wako ni mzito, hakuna anayekulazimisha kufuata mpangilio.

Makosa yanayotutambulisha Waswahili ni machache na yanatibika. Kwanza "he" na "she" kuchanganywa, maana sisi wote ni yeye. Pili "a" na "the" kurukwa. Tatu irabu fupi na ndefu, ship na sheep kusikika sawa. Nne kubandika irabu mwisho wa neno linaloishia na konsonanti. Kwenye "th" mtu wa pwani ana afadhali, aliyezoea thelathini na dhahabu tangu utotoni hana cha kujifunza hapo. Jirekodi kwa simu dakika mbili kila siku juu ya mada moja, sikiliza, andika makosa matatu tu, rudia siku hiyo hiyo. Dakika mbili si bahati nasibu: sehemu ya pili ya kuzungumza hukupa dakika moja ya kujiandaa, kisha uzungumze dakika moja hadi mbili bila kuulizwa.

kijana_wa_Makorora

Ahsante mwalimu. Na hii ya Duolingo, mtihani unaofanyia nyumbani?

Mwalimu_Ngamiani

Vyuo kadhaa vinaipokea kwa udahili, soma tovuti ya chuo chako. Uhamiaji wa Uingereza hawaipokei kama ushahidi wa lugha kwenye viza. Halafu fikiria mazingira: chumba kimya, uko peke yako, kamera imewashwa, hutazami pembeni. Umeme ukikatika au mdogo wako akiingia kuuliza chaja, jaribio linaweza kubatilishwa. Kompyuta mpakato yenye betri nzima na bando la akiba kwenye simu ya pili ni lazima.

KarataniKwanza

Niingie kwenye viza, maana nafanya kazi ya kupanga nyaraka hizi.

UINGEREZA. Kozi ya Kiingereza isiyozidi miezi sita unaingia kwa viza ya kawaida ya mgeni, mradi chuo kiwe na ithibati. Kwa vyuo vya lugha, ithibati inayojulikana zaidi ni ya British Council, na orodha yake iko wazi mtandaoni. Jina la chuo lisipoonekana humo, uliza ni nani aliyekithibitisha kabla ya kutuma senti.

Kozi inayozidi miezi sita hadi kumi na moja inataka viza nyingine, ya masomo mafupi ya lugha, kwa wenye umri wa miaka 16 na kuendelea. Hapo mzigo unaongezeka. Unalipa tozo ya huduma za afya pamoja na ada ya viza. Unapimwa kifua kikuu, kwa kuwa Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zinazotakiwa kupima kwa anayekwenda zaidi ya miezi sita, na kipimo hufanywa kwenye kliniki iliyoidhinishwa, si hospitali yoyote. Picha ya kifua ikiwa na doa lenye shaka, utatoa makohozi, na majibu yake huweza kuchukua miezi miwili. Cheti kinadumu miezi sita. Hesabuni hapo: anayepima wiki tatu kabla ya kozi anacheza kamari.

Viza zote mbili hizo haziruhusu kazi, hata ya masaa machache. Ya miezi kumi na moja hairefushwi. Anayewaza "nitaingia kwa lugha halafu nihamie shahada hukohuko" asianzie hapa. Njia yake ni kuomba chuo kikuu chenye kozi ya awali ya lugha iliyounganishwa na shahada, na kuomba viza ya mwanafunzi moja kwa moja. Viza hiyo ina kanuni kali ya fedha: kiasi kinachotakiwa kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na taarifa ya benki isiwe ya zamani zaidi ya siku 31 siku unapoomba.

AYALANDI. Chuo na kozi viwe kwenye orodha yao ya programu zinazokubalika, inaitwa ILEP. Kozi ni wiki 25, saa zisizopungua 15 kwa wiki, na ukaazi ni miezi minane. Ada ikiwa chini ya euro 6,000 inalipwa yote kabla ya kuomba viza. Wanaruhusu kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na mawakala hulitangaza hilo kwa herufi kubwa. Msilitegemee kama chanzo cha ada, afisa wa viza anataka kuona pesa imeshakuwepo. Mahudhurio yasishuke chini ya asilimia 85.

MAREKANI. Kozi ya lugha ya kutwa inahitaji viza ya F-1, chuo kilichosajiliwa kupokea wanafunzi wa kigeni, fomu I-20 inayotolewa na chuo hicho, na madarasa saa 18 kwa wiki. Kwa viza ya kutalii huruhusiwi kusoma kozi hiyo. Tozo ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, inalipwa kabla ya usaili. Ila masharti ya Marekani kwa raia wa Tanzania yamekazwa, kwa hiyo kabla hujalipa hata dola moja soma tangazo la ubalozi la wiki hiyo unayotaka kulipa, si la mwaka jana.

Bi_Raskazone

Kwa hiyo mwenye B1 ya nyumbani, kozi ya wiki 14 Uingereza: hakuna kifua kikuu, hakuna tozo ya afya. Mleta uzi, hesabu yako imekaa.

KarataniKwanza

Naam. Ila asiye na tozo ya afya aelewe pia hana huduma ya bure. Mgeni akilazwa Uingereza hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya hospitali. Bima ya safari inayofunika siku zote za kozi si jambo la kuombwa, inunuliwe.

Msamiati_wa_Ofisi

Mnaruka jambo linalokwamisha wengi kuliko yote: majina.

Mtoto kazaliwa hospitali ya Bombo, cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi Ali. NECTA wana Mwanahamis Ali Juma. NIDA wana Mwanahamisi A. Juma. Hapa Tanga kila mtu anajua ni yule yule. Afisa aliyeko nje anaona watu watatu. Kwa tofauti ndogo ya herufi, kiapo cha wakili kinachotaja majina yote na nyaraka zote hutosha. Kwa jina lililobadilika kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na baada yake unarekebisha NIDA. Fanyeni kabla ya paspoti. Ukitanguliza paspoti yenye jina lenye kasoro, utairudia yote.

Paspoti sasa. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, unaichapa, unaipeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na viambatanisho: cheti cha kuzaliwa, cheti cha mzazi au kiapo cha kuzaliwa kwake, kitambulisho cha taifa, picha, na ushahidi wa safari. Kwa mwanafunzi, ushahidi wa safari ni barua ya chuo. Ada ni shilingi 150,000, ambazo 20,000 unalipa mwanzoni na fomu. Mzazi aliyezaliwa kijijini Pangani au Mkinga bila cheti ndiye anayechelewesha, anzeni na karatasi zake.

Na usijiandikishe IELTS kabla ya paspoti kutoka. Namba na jina ulilojaza ndiyo watakayolinganisha mlangoni siku ya mtihani. Vikipishana, unarudi na basi la jioni.

mama_wa_watatu_Duga

Mimi nauliza upande wa pesa. Mzazi ana duka, au ana shamba la machungwa Muheza. Pesa ipo lakini inakaa mkononi na kwenye simu, benki inapita kidogo. Anathibitishaje?

KarataniKwanza

Dada, hii ndiyo sababu ya viza nyingi kukataliwa, na si kwamba watu hawana pesa.

Kinachoangaliwa ni mwendo. Akaunti iliyokuwa na laki mbili miezi mitano, kisha ikaingia milioni 25 siku tisa kabla ya maombi, inasomeka kama pesa ya kuazima. Afisa haandiki "pesa haitoshi", anaandika kwamba chanzo chake hakikuelezwa. Kwa hiyo miezi sita kabla, mauzo yaanze kupita benki. Duka liweke kila wiki. Wa machungwa hawezi kuweka kila wiki, anauza kwa msimu, hilo linaeleweka likielezwa: ambatanisha mkataba au risiti za mnunuzi zenye tarehe zinazokaribiana na tarehe za pesa kuingia. Ukiweka kwa mkupuo baada ya mavuno, na risiti inasema hivyo hivyo, hakuna neno.

Viambatanisho vya mwenye biashara: leseni ya biashara, cheti cha TIN, risiti za kodi ya TRA, taarifa ya akaunti ya miezi sita yenye muhuri wa benki kila ukurasa. Taarifa ya pesa za simu ni nyongeza nzuri, haiwezi kusimama peke yake. Mwajiriwa: barua ya mwajiri na hati za mshahara za miezi hiyo hiyo, na mshahara uonekane ukiingia kwenye akaunti kwa kiasi kile kile.

Barua ya mdhamini isiwe shairi. Aseme yeye ni nani kwa mwanafunzi, analipa nini (ada kiasi gani, malazi kiasi gani, tiketi), kwa muda gani, kutoka akaunti ipi. Saini, tarehe, namba ya simu inayopokelewa. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe, na mtafsiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, jina lake kamili, saini, tarehe na mawasiliano. BAKITA wanatoa huduma hiyo. Tafsiri ya rafiki anayejua Kiingereza, isiyo na maelezo hayo, inawekwa pembeni.

Msamiati_wa_Ofisi

Niongeze kwenye udhamini. Kwetu baba mdogo ni baba na mtoto wa shangazi ni ndugu. Kwenye fomu usimwandike baba mdogo "father". Sehemu nyingine ya fomu umeshataja jina la baba mzazi, na cheti cha kuzaliwa kinalo. Umejikuta na baba wawili wenye majina tofauti na hakuna maelezo. Andika ni mdogo wake baba, kisha uambatanishe vyeti viwili vya kuzaliwa, cha baba na cha huyo baba mdogo, vinavyoonyesha babu mmoja. Kama hana cheti, kiapo.

mama_wa_watatu_Duga

Nimeelewa. Mungu awabariki.

TT_Benki

Kulipa ada, angalieni kijisanduku kimoja kwenye fomu ya benki ya kutuma pesa nje: nani analipa makato. Kuna OUR (mtumaji), SHA (mnagawana) na BEN (mpokeaji). Ukichagua SHA, benki za katikati zinakata kidogo kidogo, chuo kinapokea pungufu, na mfumo wao unasomeka "ada haijakamilika". Barua ya viza haitoki mpaka ukatume hicho kipande kilichobaki, na kwa kipande hicho utakatwa tena. Chagua OUR, makato yote ulipe wewe hapa. Kwenye maelezo ya malipo weka jina kama lilivyo kwenye paspoti na namba ya mwanafunzi kutoka kwenye ankara. Benki itataka ankara na barua ya udahili, nenda navyo vyote.

Kabla ya kutuma, soma kanuni ya kurudishiwa ada viza ikikataliwa. Chuo makini kinaandika: tunarudisha yote isipokuwa kiasi fulani cha uandikishaji, ukituletea barua ya kukataliwa. Kisichoandika, usikitumie pesa.

Stendi_ya_Kange

Siku ya kutoa alama za vidole za viza. Miadi ya saa 09:00 ni saa tatu asubuhi, na kituo kipo Dar. Toka Kange hadi stendi ya Magufuli Mbezi ni mwendo wa masaa matano au sita, ukiongeza foleni ya kuingia mjini. Hakuna basi la kukufikisha siku hiyo hiyo kwa utulivu. Lala Dar. Na tiketi ya ndege inayosema 03:00 ni saa tisa usiku, yaani unaondoka nyumbani jioni ya siku iliyotangulia. Kuna watu huikosa ndege kwa jambo hili.

Akina dada, vidole visiwe na hina wala piko. Mashine inasoma mistari ya ncha za vidole, na piko ikiwa juu yake inashindwa. Ukiwa na harusi ya ndugu wiki hiyo, chora viganja na mikono, ncha za vidole ziache. Kidonda au mkato kwenye kidole, subiri upone.

Nyaraka unapakia mwenyewe mtandaoni kabla ya miadi. Steshenari nyingi za mjini zina skana, lakini wengi wanapiga picha kwa simu na kuzigeuza PDF. Kivuli cha mkono kikiangukia muhuri, afisa hausomi. Sisitiza skana, kila faili uipe jina linaloeleweka, na kurasa za benki ziwe faili moja kwa mpangilio wa tarehe.

mtu_mzima_Mikanjuni

Mawakala je? Mmewakwepa.

KarataniKwanza

Wapo wa maana, mkuu, na chuo ndicho huwalipa kamisheni, ndiyo maana baadhi hawamtozi mwanafunzi. Uliza mambo matatu. Je, ametambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa kazi ya kupeleka wanafunzi nje? Je, chuo chenyewe kinamtaja kwenye tovuti yake? Je, ada inakwenda akaunti ya chuo au yake? Jibu la tatu likiwa "yangu, nitawatumia", funga mazungumzo.

Anayekuhakikishia viza anasema uongo, hakuna mwenye mamlaka hayo nje ya afisa. Anayekuambia "taarifa ya benki nitakutengenezea" ni hatari zaidi, kwa sababu fomu ni yako. Uingereza wakigundua nyaraka ya kughushi, kukataliwa kunaweza kuambatana na marufuku ya miaka kumi, na swali la "umewahi kukataliwa viza?" utalijibu kwenye fomu za nchi nyingine pia. Dai nakala ya kila kilichopakiwa kwa jina lako, na nywila ya barua pepe iliyotumika ibaki kwako.

kijana_wa_Makorora

Wakuu, swali la mwisho. Mzigo: nichukue nini, niache nini?

Bi_Raskazone

Nguo nzito usinunue zote hapa, za huko zinafaa zaidi kwa baridi yao. Chukua koti moja la kukufikisha. Soketi za Uingereza, Ayalandi na Malta ni zile zile za pini tatu bapa tunazotumia, chaja zako zitaingia bila kifaa cha kati. Marekani ndiko utahitaji, na huko umeme ni volti 120, pasi na heta ya maji ya nyumbani haitafanya kazi sawasawa. Nyama na vitu vya maziwa kutoka huku haviruhusiwi kuingia Uingereza, kwa hiyo samli ya bibi ibaki. Bizari, iliki na mdalasini mkavu havina shida. Dawa za kumeza kila siku ziwe kwenye pakiti zake, na cheti cha daktari kilichotafsiriwa.

Mkoba wa mkononi, usiokwenda kwenye tumbo la ndege: barua ya chuo, anwani ya malazi iliyochapwa, bima, risiti ya ada, nakala ya barua ya mdhamini, simu ya chuo ya dharura. Afisa wa mlangoni akikuuliza unakaa wapi, betri ya simu isiwe ndiyo jibu lako. Na ujue kozi yako: jina la chuo, mji, wiki ngapi, saa ngapi kwa wiki, nani analipa. Mtu asiyejua anasoma saa ngapi kwa wiki anatiliwa shaka mara moja.

Mwalimu_Ngamiani

Ukishafika, jaribio la siku ya kwanza hurudiwa. Ukiona umewekwa chini ya uwezo wako, sema ndani ya siku tatu za mwanzo. Vyuo vingi huruhusu kuhama darasa Jumatatu inayofuata, ukikaa kimya wanadhani umeridhika. Uulize pia darasa lina Waswahili wangapi. Wakiwa watano kaeni viti tofauti, la sivyo mtamaliza wiki 14 mkipiga soga za Ngamiani.

MwanaChumbageni

Nakazia la mwalimu. Wenye maswali ya Malta waandike chini hapa, kuna mdau anayepanga nyaraka za huko ameahidi kupita Ijumaa baada ya swala.